Buli la Mama Halisafiri

Mdogo wangu Mwanaisha, nakusalimu kutoka Jeddah, kwenye joto la kumkausha mtu mate.

Zuhura mwanangu amenichosha. Anakusanya mabuli na vikombe vya kale vya Kiingereza, kabati tele, na sasa analitaka na buli la marehemu mama lililoko kwako. Jana walikuja wageni kutoka mtaa wa Bani Malik, akawapa chai kwenye vikombe vya karatasi. Niliona haya. Nikafungua kabati, nikawamiminia kwenye vya maana.

"Mama, hivyo vya kutazama."

"Basi na wageni watie kabatini tuwatazame."

Amenuna mpaka leo. Akikupigia simu kulitaka buli, mwambie lina chai ndani.

Nakupenda, na dawa ya presha unywe.

Dada yako