Kilo ya Sukari kwa Mzee Eustakio

Naipingo,
Nachingwea.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Happy,

Salamu nyingi kutoka huku nyumbani. U hali gani huko Mwanza? Shemeji Ivan hajambo? Mgongo wake je, umeacha kumsumbua? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri na anagombana na kuku kama kawaida yake, kwa hiyo ujue nguvu anazo.

Nimeamua kukuandikia kwa mkono, kama tulivyofundishwa shuleni, kwa sababu simu yangu huipokei tangu Jumatano ya Majivu. Barua hii anakuletea Saburi, yule fundi cherehani, anayemfuata kaka yake huko. Ukimwona mlangoni usimfukuze, yeye hana kosa.

Ujumbe wako wa mwisho ninao bado. Uliandika kwamba baada ya kupoteza mimba ya pili huwezi tena kusali, na kwamba nisithubutu kukuambia Mungu ana makusudi yake. Sikuambii. Nami nilipomzika mume wangu Fidelis niliambiwa hivyo hivyo na watu wenye nia njema, nikatamani kuwafungia mlango. Mwaka mzima sikukanyaga kwenye sala za jumuiya. Nilikuwa nalima, napika, nalala, basi.

Sasa sikiliza kilichonipata. Mwezi wa tatu jumuiya yetu ilichagua viongozi, na kawaida yetu unaijua: asiyefika ndiye anayepewa cheo, maana hayupo wa kukikataa. Mimi niko shambani napalilia ufuta, kumbe huko nimeshachaguliwa kiongozi wa kutembelea wagonjwa. Mimi, Marselina, niwafariji watu! Nilikasirika mpaka jirani yangu Mwanaima akanicheka. "Wewe nenda tu," akasema. "Mgonjwa hakuulizi cheti."

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Mzee Eustakio, yule seremala aliyemtengenezea Mama kitanda. Alikuwa amekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, amerudishwa nyumbani, amelala kauelekea ukuta, hasemi na mtu. Mkewe alishachoka kumbembeleza ale. Nikaenda kama tunavyokwenda kwa mgonjwa yeyote: kitenge safi, kitabu cha sala kwapani, na mkononi kilo ya sukari.

Ndiyo, mdogo wangu. Sukari. Tena nikamwekea kitandani, karibu kabisa na mkono wake. Akageuza shingo, akaitazama, akanitazama na mimi.

"Marselina," akasema, "umetumwa uje uuchukue na huu uliobaki?"

Aibu kama ile sijawahi kuiona. Nikaanza kulia, na nilipoanza sikuweza kuacha. Nililia kwa ajili ya ile sukari, nikamlilia Fidelis, nikawalilia na wanao wale wawili ambao hatukuwaona. Mzee alicheka kwanza, kisha akajigeuza mwili mzima kunielekea. Akaniuliza kama mimi mwenyewe ninayaamini yaliyomo kwenye kile kitabu.

"Leo siamini sana, Mzee," nikamwambia.

"Basi kaa. Hata mimi leo siamini sana."

Tukasali Baba Yetu hivyo hivyo. Mkewe akaleta ugali, Mzee akala.

Tangu hapo naenda kila Alhamisi saa kumi. Siku nyingine tunasali, siku nyingine ananisimulia habari za mbao tu. Mwezi uliopita alipelekwa Ruangwa kuchukua magongo, akarudi analalamika kwamba aliyeyaranda hajui kazi, akayaranda upya mwenyewe. Mkewe anasema ni mimi niliyemwinua. Sijui, Happy. Ninachojua ni kwamba Jumatano jioni najikuta nafua kile kitenge huku naimba, na kuimba nilikuwa nimeacha. Imani haikunitangulia. Nilianza kwenda bila hiyo, ikanikuta njiani, na siku nyingine bado inachelewa.

Ufuta tumeshakata, miganda imesimama uani inakauka. Tembo wa Kilimarondo safari hii hawakufika kwetu. Fungu lako nitakuwekea.

Mama anakusalimu sana. Mwanaima na mumewe Bilali wanakusalimu pia. Mwanaima anasema amekuombea kila Ijumaa na hataki kuulizwa kwa nini. Mzee Eustakio naye anakusalimu, ingawa hajakuona tangu ukiwa na meno ya utoto. Nisalimie shemeji.

Nimebakiwa na neno moja. Katika daftari la wagonjwa la jumuiya nimeandika jina lako. Mwenyekiti aliuliza Mwanza tutafikaje, nikamwambia huyo niachieni mimi. Kwa hiyo kila Alhamisi nikitoka kwa Mzee nitakupigia. Pokea tu. Usiseme kitu kama huna la kusema, wala usisali. Mimi nitakaa huku, wewe utakaa huko, na kama umeuelekea ukuta, geuka kidogo.

Mungu akulinde, mdogo wangu. Kwa sasa nitaongea naye mimi kwa niaba yako, mpaka utakapotaka kuongea naye mwenyewe.

Wako akupendaye, hata usipopokea,

Dada Marselina