Sauti Nambari Tano

Jumatatu, 11 Mei 2009

Mvua tangu alfajiri. Chaki imelowa. Kidato cha Pili, vitate tena: kula na kura, hali na hari, mahali na mahari. Maneno yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana. Mtoto wa Mombasa anayajua kabla ya kung'oa jino la kwanza. Hapa ni vita. Nafula alisoma, "Baba amekwenda kupiga kula." Nikamuuliza baba amekula nini. Darasa likashika mbavu. Akakaa, akafunika kitabu, hakuinua uso mpaka kengele.

Nusu ya darasa hili wazazi wao ni wa Bungoma. Kwao L na R ni pacha, huazimana nguo. Sisi wa nyumba za nyuma ya msikiti, hapa Kitale, tulinyonya Kiswahili. Babu alikuja kutoka Pwani na cherehani yake na lugha yake. Sijui kosa langu ni lipi hata nikaletewa watoto hawa.

Jumatano, 13 Mei

Kompyuta zimefika. Kuukuu, rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Wafadhili wamezichoka huko kwao, sisi tumezipigia makofi. Madam Njoki, mkuu wetu wa shule, alivaa suti kuzipokea. Suti! Ameagiza tufundishe kwa vifaa vya mtandaoni, vile visivyolipiwa. Rahisi ni ghali, wazee walisema. Nani anawasikiliza wazee?

Lakini kuna jambo. Mwezi ujao walimu wa Kiswahili wa huku na wa Bungoma watakutana kule Bungoma, na sisi ndio tutakaoonyesha somo la mfano. Mkuu wa idara yetu anastaafu mwisho wa muhula. Madam hakuficha: atakayeng'ara Bungoma ndiye atakayekalia kile kiti. Nimekisubiri tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Nakitaka. Sioni haya kuandika hivyo.

Mshindani wangu ni Wekesa. Kijana wa Bungoma, juzi tu katoka chuoni. Mwalimu wa Kiswahili anayesema "mwarimu". Debe tupu, na bado lina kutu.

Ijumaa, 15 Mei

Wekesa alituita chumba cha kompyuta. Zamani kilikuwa ghala la mahindi. Panya hawajaambiwa kuwa kimebadilika. Akachomeka modemu, akangoja, akatabasamu, akangoja.

"Hii programu ya kulekodi sauti ni ya bule, mwarimu. Bule kabisa. Si unachukua tu."

Nikamwambia "bule" haimo katika kamusi. Akacheka. Hakasiriki huyu, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Akataka kutuonyesha namna ya kutafuta maelezo ya nomino za mahali. Akaandika kama anavyotamka. Ukutani, projekta ilipomulika, pakajaa mahari: ng'ombe wangapi, nani apokee, nani akae mbali. Walimu wakaanguka kwa kicheko. Mimi nilicheka kwa sauti ya kufika ofisini kwa Madam. Makusudi.

Wekesa aliutazama ukuta, akatikisa kichwa. "Haya bana. Basi hii ndio somo yetu."

Hana haya hata kidogo.

Jumanne, 19 Mei

Mpango wake ni huu. Wanafunzi na walimu wasome vitate, awarekodi. Kule Bungoma watu wasikilize bila kuambiwa msemaji ni nani, waandike neno walilosikia. Baadaye sauti zote, pamoja na majina ya wenyewe, ziwekwe kwenye tovuti ya bure, mwalimu yeyote azichukue. Madam amefurahi kupita kiasi. Tutakwenda wote wawili. Mimi nieleze, yeye abonyeze. Ndivyo inavyofaa.

Anataka na sauti yangu iwe ya mfano. Hilo lina akili. Angeitoa wapi nyingine?

Jumatatu, 25 Mei

Nimerekodi. Adhana ya adhuhuri ilikuwa imeanza, kwa hiyo nilisoma nimesimama, mara moja, mbio. Wekesa akauliza kama turudie pole pole. Nikamwambia samaki hafundishwi kuogelea. Nikaenda msikitini.

Sikubaki kujisikiliza. Mtu mzima akae ajisikilize, ili iweje?

Alhamisi, 28 Mei

Umeme umepotea tangu asubuhi. Nimefurahi siku nzima. Ubao haupotezi umeme.

Jambo moja, na litaishia hapa kwenye karatasi. Nafula huenda chumba kile kila mapumziko, anavaa visikizio, anajirekodi, anajisikiliza, anafuta, anaanza upya. Leo aliinua mkono. Mara ya kwanza tangu siku ile. Alisoma "kupiga kura", na R ikakaa palipo pake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sitamwambia Wekesa.

Yeye mwenyewe ana jambo linalomkereketa kooni. Alikuja mezani kwangu na kuondoka. Akarudi. "Mwarimu, ile yako, si tulekodi tena kidogo tu?" Nikamuuliza imeharibika? Akasema hapana, haijaharibika. Basi, nikamwambia, nenda kabebe waya zako. Wivu huo. Kijana ameona sauti yangu itamfunika.

Ijumaa, 5 Juni

Nimepiga pasi suti ya kijivu. Wekesa amepita tena na maneno yale yale, ati ataiondoa tu sauti yangu kwa sababu somo ni refu. Nimemwambia akiiondoa nitakwenda kwa Madam. Akaenda zake. Afadhali.

Jumamosi, 6 Juni. Bungoma

Niandike kabla sijaanza kujidanganya.

Ukumbi ulijaa. Nilizungumza vizuri, nalijua hilo. Niliwachekesha kwa vitate, niliwasema mbele yao, wakakubali kuchekwa. Walimu wa Bungoma ni watu wa kucheka. Kisha Wekesa akafungulia sauti. Ya kwanza, mvulana wetu mmoja. Ya pili, Nafula, na watu wakaandika sawasawa. Ya tatu, ya nne. Baada ya ya nne nilimwona akikamata kipanya, akibonyeza, akibonyeza tena. Kompyuta iligoma kumsikiliza. Ya tano ikaanza yenyewe.

"Sikuja kuripa mahali, natafuta mahari pa kurara."

Ukumbi ukapasuka. Nilicheka pamoja nao. Nilicheka kuwashinda. Nilitafuta hata neno la kejeli la kusema baada ya hapo, na nilikuwa nimelipata. Mama mmoja nyuma akasimama, akapunga leso. "Huyo ni wetu! Huyo ni wa Rugulu kabisa, hakuna mahari ingine!"

Ndipo nikasikia kikohozi kutoka kwenye spika. Kikohozi kikavu cha chaki. Na nyuma yake, mbali, muadhini wa msikiti wetu.

Neno la kejeli likanikauka mdomoni.

Mwenyekiti akauliza, huku akifuta machozi, huyo nambari tano ni nani, asimame tumwone. Mimi nilitazama viatu vyangu. Wekesa akasimama. "Ni mimi," akasema. "Mnanijua, mimi ni wenu." Wakampigia makofi na vigelegele. Akainama kidogo kama bwana harusi.

Nami sikusema neno. Ukumbi mzima, saa nzima iliyobaki, na chai na mandazi, sikusema neno.

Jumapili, 7 Juni

Sikutoka nje.

Nimemchukia Wekesa leo. Nani alimwomba huruma yake? Ningeweza kusimama mwenyewe. Hapana, nisingeweza. Ndiyo maana nimemchukia.

Babu wa Pwani alikufa kabla sijaanza kusema. Baba alikuwa mtu wa safari, Endebess na kwingineko, akinunua mahindi. Aliyenilea ni mama, na mama alitoka Lugulu, kule kule Bungoma. Alisilimu alipoolewa. Watu wa mtaani walizoea hilo, nami nikawa silitaji, na kitu kisichotajwa hufa chenyewe, ndivyo nilivyodhani. Jina langu ni Khalili. Mama aliniita Khariri mpaka tunamzika, na sikuwahi kusikia kasoro yoyote ndani yake. Nilikuwa nikiitika tu.

Tulinyonya Kiswahili, niliandika mwezi uliopita. Kweli tupu. Ziwa lilikuwa la Lugulu.

Jumanne, 9 Juni

Madam ametangaza katika mkutano wa walimu. Kiti ni changu.

Kabla ya hapo aliniita ofisini. Amesikia habari za Bungoma, na zimemfikia kama zilivyosemwa: kwamba nilieleza kwa ufasaha, na kwamba Wekesa alichekwa na ukumbi mzima kwa matamshi yake. "Si ati mimi nina ubaya na yeye," akasema, "lakini mkuu wa idara ya Kiswahili hawezi kuwa mtu wa kuchekwa, ama?" Nikasema asante, Madam. Hayo tu. Asante, Madam.

Walimu wakapiga makofi. Wekesa alipiga kwa nguvu kuliko wote.

Nilimdharau huyu kijana kwa kosa ambalo ni langu na lake. Sasa nimelipwa kwa kosa langu, na yeye ametozwa kwa lake. Najidharau, wala si kwa matamshi.

Alhamisi, 11 Juni

Mvua imetulia. Kidato cha Pili walisoma kwa zamu. Mvulana mmoja akasema "kurara". Nilimwacha amalize sentensi, nikamwambia arudie, akarudia. Nafula alinitazama kwa shaka, akingoja nicheke.

Baada ya masomo nilikwenda chumba cha kompyuta. Hapakuwa na mtu. Wekesa alikuwa amezipanga sauti tayari kuzipakia, kila moja na jina la mwenyewe. Ya pili, Nafula. Ya tano, Wekesa. Nilivaa visikizio. Nikasikiliza ile ya tano mpaka mwisho, na adhana, na kikohozi. Nikasikiliza tena. Safari hii nilimsikia mama. Ilikuwa sauti nzuri tu.

Sikujua pa kubonyeza. Nilibahatisha. Nikafuta jina la Wekesa, nikaandika langu, kidole kimoja, herufi moja moja.

Alikuwa amesimama mlangoni, sijui tangu lini. Alisoma kioo juu ya bega langu. Akakohoa.

"Sasa na Madam je, mwarimu? Atasikia."

Nikamwambia asikie. Kesho nitakwenda kwake mwenyewe kabla ya paredi ya asubuhi, lakini akitaka kusikiliza leo, asikilize. Ni bule.

Hakucheka. Alivuta kiti, akachomeka modemu, tukangoja.