Kipa Mupya Anachimba Golini

Jumatatu, 9 Septemba
Mazoezi, jua kali. Kocha ameleta wapya watatu. Wa kwanza anakimbia vizuri, lakini mupira ukimufikia anafunga macho. Wa pili anasema mingi, sijui kwao walimuvumilia namna gani. Wa tatu iko kipa. Byamungu, mutu wa Bukavu, ametoka kuchimba dhahabu Salamabila. Murefu, kimya. Kipa wa nini sasa? Mimi nimekufa? Miaka yote hii lango la ekipe yetu ya Kasongo ni langu. Sipendi.

Jumatano, 11
Mvua imeanza. Byamungu anadaka. Acha niseme ukweli, hapa hakuna anayesoma: anadaka kuliko mimi. Ananiita yaya, kama kaka yake mukubwa. Ananipa maji kabla yeye hajakunywa. Heshima gani hiyo ya kupita kiasi? Kikulacho kimo nguoni mwako.

Ijumaa, 13
Leo nimemuona kwa macho yangu. Wenzake wameenda kunawa, yeye amebaki golini, amepiga magoti, anachimba karibu na mulingoti. Akamwaga kitu kutoka mufukoni, akafukia, akakanyaga. Ee Mungu! Dawa hiyo. Jumapili tunacheza na Kabambare. Nitasimama pale, mikono italegea, yeye atachukua nafasi yangu. Tulishaona makipa waliomalizwa hivyo.

Jumamosi, 14
Nimemwambia kapteni. Nimemuomba jina langu asilitaje. Asubuhi tukaenda wote na majembe, tukapindua lango zima. Tumekuta kokoto. Kokoto tu, zimepangwa vizuri, na kamufereji ka kutoa maji.

Byamungu akafika, akatuangalia. Akasema kule mashimoni maji yakikosa njia watu wanakufa, basi hapa aliyapa njia, yaya asiteleze. Wenzangu wakacheka: muchawi hakosi maneno. Mimi nikashika jembe. Tukafukia haraka haraka.

Jumapili, 15
Mvua tangu misa. Golini matope matupu. Kabambare wakapiga mupira wa kitoto kabisa. Nikataka kuruka, udongo tuliopindua ukanishika muguu. Goti likalia. Goli. Nikatolewa kwa kubebwa.

Byamungu akaingia mule mule, akadaka kila kitu, hata penalti. Tukarudisha, tukatoka sare. Watu waliimba jina lake mpaka sokoni. Nilikuwa na wivu. Na haya pia.

Alhamisi, 19
Goti bado limevimba. Kocha hajafika kuniona. Byamungu amefika, na ndizi na chupa ya mawese. Alikaa chini akanikanda goti polepole, mafuta ya moto, bila haraka.

Alisema anaogopa ekipe yote. Kuna mutu alimusingizia uchawi, hajui nani, na sasa hata chakula cha wenzake hagusi. Kwangu tu ndipo anakula.

"Najua si wewe, yaya."

Nikamwambia asante kwa ndizi.