Mbao Kavu

4 Februari

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na kazi inakwenda. Sisi huku tunapumua, ila magoti ya baba yako mdogo yamemchosha kabisa. Akishaingia chini ya gari, kutoka ni mpaka nimvute miguu. Anwani ya gereji yenu nimeipata kwake. Alikataa kunipa, nikambana ukutani kidogo, akatoa. Usimlaumu.

Simu zangu hupokei, nami sikulazimishi. Nina swali la kazi tu. Nimeliuza lile gari letu la kuvutia magari mabovu, nikanunua gari la umeme lililotumika miaka saba. Si langu. Ni la baba yako mdogo, alifanye teksi, akae kwenye kiti apumzishe magoti. Amefanya kazi nami miaka thelathini na moja na sijawahi kumpa hata stuli.

Mwenye yadi aliliwasha akanionyesha pale mbele ya usukani: likijaa chaji linakwenda kilomita mia mbili na ishirini. Nikaamini macho yangu. Jana limezima baada ya kilomita sitini, abiria wa kwanza akiwa ndani, mama mjamzito anayekwenda kliniki. Baba yako mdogo alilisukuma peke yake mpaka kivulini, na magoti yale yale.

Nikafungua boneti nitafute stata niigonge nyundo. Hamna stata. Hamna chochote cha kugonga, binti yangu. Mtaa mzima unaniita Fundi Nyundo, nami nilisimama pale na nyundo mkononi nikitazama kama mgeni. Wewe ndiyo kazi yako haya. Nieleze.

Ni mimi,
Baba yako

21 Februari

Baba, shikamoo.

Mimi mzima. Hujauliza, lakini mkono wangu wa kushoto bado haupandi kupita bega. Ulipouvunja kwa spana ya magurudumu nilikuwa na miaka kumi na tisa, na kosa langu ni kukwambia mbele ya wateja kwamba mkanda wa injini umeufunga kinyume. Na ulikuwa kinyume kweli. Baba Mdogo ndiye aliyenibeba hospitali, ndiye aliyenitafutia nauli. Kwa hiyo hii najibu kwa ajili yake. Ukitaka kuuliza tena, andika. Sauti yako bado siitaki.

Zile kilomita ulizoonyeshwa ni makisio ya kompyuta ya gari. Kompyuta hujifunza betri ilivyochoka, lakini mtu mwenye kifaa anaweza kuifuta kumbukumbu, ikaanza upya kuamini kwamba betri ni changa. Gari la umeme la mkononi hununui kwa kutazama kilomita. Unauliza afya ya betri: kati ya nguvu iliyotoka nayo kiwandani, imebaki kiasi gani? Tafuta mtu mwenye kifaa cha kusomea, kinachomekwa chini ya usukani.

Betri yenyewe ni seli nyingi ndogondogo zilizofungwa kwenye visanduku. Kisanduku kimoja kikichoka, kinavikwamisha vyote. Gari linazima wakati vingine bado vina chaji. Nadhani ndicho kilichowapata.

Kuchaji: tumia waya uliokuja na gari, kwenye soketi yake peke yake yenye nyaya nene. Usiunganishe na ule waya wenu wa gereji wenye viraka. Kila siku mwishie asilimia themanini, mjaze kabisa siku ya safari tu. Likitoka juani likiwa la moto, lipoe kwanza.

Kuna nyaya nene za rangi ya chungwa. Usiziguse. Humo mna volti karibu mia nne. Mrudishie mwenye yadi gari lake, na umrudishie kwa maneno.

Msalimie sana Baba Mdogo.
Mwanao

9 Machi

Binti yangu, marahaba.

Habari ya mkono nimeisoma. Nimeisoma mara nyingi.

Kuhusu gari umepatia kila kitu, mpaka nikaona aibu. Waya yenye viraka nilikuwa nimeshaiunganisha kabla barua haijafika. Iliyeyuka ikashikana na sakafu, tukaibandua kwa patasi. Mwenye kifaa nimempata. Afya ya betri ni asilimia hamsini na nane, na kisanduku kimoja kimekufa, cha tatu kutoka nyuma.

Nilikwenda yadi kwa maneno kama ulivyosema. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwonyesha karatasi. Akacheka. Akasema mzee wa nyundo ameanza lini kusoma kompyuta. Hapo maneno yakaniishia. Nilimshika shingo nikampiga uso kwenye mlango wa gari lake mwenyewe, mara mbili, jino likabaki kwenye rangi. Alipoanguka nikampiga teke la mbavu. Walinzi wake wawili wakanilaza chini, mmoja akakanyaga mkono wangu mpaka vidole viwili vikalia. Baba yako mdogo alikuja kuniokota. Njia nzima alishika usukani na kutikisa kichwa. Mwenye yadi ameapa mbele ya watu kwamba siku moja nitaua mtu, na siku hiyo atakuwepo kutoa ushahidi.

Gari halirudi tena, ni letu na ubovu wake. Lakini nimepata kisanduku kizima kwenye gari la aina hiyo hiyo lililogongwa. Nitafungua betri nibadilishe kile kilichokufa. Baba yako mdogo anashangaa nimejulia wapi mambo ya seli na asilimia. Nimemwambia nimekaa nikafikiri. Ananitazama kwa heshima sana siku hizi, na mimi nafurahi.

Baba yako

25 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini vidole vinapona. Nimeisoma barua yako nimesimama, na sijakaa mpaka sasa.

Usifungue betri hiyo. Nakusihi. Mimi nimesomea miaka mitatu na bado sifungui peke yangu. Lakini nakujua, utafungua. Basi soma taratibu.

Chini ya kiti cha nyuma kuna plagi ya usalama. Itoe, uiweke mfukoni mwako, ukae dakika kumi bila kugusa kitu. Ukae kweli, usizunguke ukitafuta wa kugombana naye. Vaa glavu za mpira za mafundi wa umeme, si hizo za kuoshea injini. Vua saa, vua pete. Na ujue kwamba hata ukitoa plagi, betri yenyewe haizimiki. Umeme umelala mle ndani, na ukiunganisha ncha zake unaamka wote.

Sasa hili ndilo linaloniondolea usingizi. Najua mnavyopima betri hapo gereji. Mnaweka spana juu ya ncha mbili, mnatazama cheche, mnasema nzima au imekufa. Umetufundisha wote hivyo, na Baba Mdogo hufanya bila hata kufikiri. Kwenye betri ya gari la petroli ni mchezo. Kwenye hii ni kifo. Mguso mmoja tu na mtu hayupo. Msomee Baba Mdogo barua hii, kwa sauti, yote, na umwambie ni mimi niliyeiandika, kwa sababu mimi atanisikiliza.

Na mmoja akifanya kazi, mwingine asimame na mbao kavu, ndefu. Mtu akinaswa usimshike, utanaswa naye. Msukume kwa mbao. Asipobanduka, mpige. Mpige kwa nguvu zako zote, hata mfupa ukivunjika, mfupa utapona. Hilo unaliweza.

Niandikie kwamba umemsomea.
Mwanao

20 Aprili

Baba, shikamoo.

Hamjambo? Sijapata jibu. Nimempigia Baba Mdogo kila siku wiki hii, simu haiiti. Leo nimepiga yako, baada ya miaka sita. Nayo haiiti.

Ulimsomea?
Mwanao

2 Mei

Binti yangu,

Natumaini u mzima. Nakuandikia kutoka mahabusu, kwa kalamu ya kuazima. Barua zako zote mbili za mwisho zilinifikia, moja nyumbani na moja humu.

Baba yako mdogo amefariki. Nilitaka ulisikie kwangu, lakini najua nimechelewa hata kwa hilo.

Ilikuwa tarehe kumi na moja Aprili, saa nne asubuhi. Tulikuwa tumeshusha betri tukafungua kifuniko. Plagi nimeitoa, nimeitia mfukoni, dakika kumi nimekaa, kweli nimekaa. Mbao ya kitanda cha zamani nimeiegemeza ukutani. Glavu nikakumbuka nimeziacha kwa muuza vifaa vya umeme, mtaa wa pili. Nikamwambia baba yako mdogo, "Usiguse mpaka nirudi." Akauliza kwa nini. Nikamwambia, "Nikisema usiguse, usiguse."

Kumbe alitaka nikirudi nikute kazi imesogea. Alitaka kunifurahisha. Nilisikia mlio nikiwa langoni narudi na glavu, kisha harufu. Alikuwa amepiga magoti, spana mkononi imegandia kwenye ncha, mkono wa pili juu ya chuma cha betri, mwili mzima umekaza, meno yamebana. Macho yalikuwa wazi yananitazama.

Nikashika mbao. Nilimsukuma, hakutoka. Nikampiga bega, nikasikia mfupa. Hakutoka. Nikampiga mbavu. Mara ya tatu nilipiga kwa nguvu zote kama ulivyoandika, ikampata shingoni chini ya sikio, akaanguka kando. Nilipoinua macho, langoni walikuwa wamesimama watu sita, wanamtazama Fundi Nyundo na mbao mkononi, na mdogo wake chini ana damu sikioni. Nilipiga kelele kwamba ni umeme. Mmoja akanirushia tofali. Walinipiga mpaka nikalala karibu naye, na wakati wananipiga betri ikaanza kutoa moshi, kisha moto. Tukaburutwa nje wote wawili, yeye kishamalizika. Gari, gereji, vyote vimeungua. Koti langu pia, na barua yako mfukoni mwake.

Mpelelezi anasema mikono ya marehemu imeungua kwa moto wa baadaye. Anasema bega na mbavu na shingo ndivyo vinavyozungumza. Mwenye yadi amekuja na pengo lake, ametoa ushahidi kama alivyoapa. Nilipomwambia mpelelezi kwamba binti yangu ndiye aliyeniandikia nimpige kwa mbao, alicheka mpaka akafuta machozi.

Sasa sikiliza. Sikumsomea. Kila jioni niliitoa ile barua nikaanza, na kila nikifika pale unaposema nimwambie ni wewe, naikunja. Angejua kwamba akili yote ile aliyokuwa ananisifia ni yako. Angecheka kidogo, si vibaya, unamjua. Sikutaka acheke. Alikufa kwa sababu hiyo, na hilo hakuna aliyenishtaki nalo.

Sikuombi uniokoe. Nataka kukuuliza kitu kimoja, maana wewe unajua kazi hii. Nilipompiga mara ya tatu, alikuwa bado hai?

Baba yako

19 Mei

Baba,

Natumaini majeraha yanafunga. Mimi nimelia siku nne, siku ya tano nikarudi kazini, nikashindwa kuvaa glavu, wakanirudisha nyumbani.

Swali lako nitalijibu kama fundi. Sijui. Umeme ule hausubiri. Huenda alishakufa kabla hujaigusa mbao, na macho yale uliyoyaona hayakuwa yanakutazama. Huenda alikuwa hai na pigo lako ndilo lililommaliza. Huenda ungechelewa kidogo mngekufa wawili. Nimeumiza kichwa nitafute jibu la kukupa, nimekosa, na sitatunga moja ili ulale.

Nimemwandikia mpelelezi. Nimemweleza mimi ni nani, nimesomea nini, na kwamba tarehe ishirini na tano Machi nilikuandikia kwa mkono wangu: asipobanduka, mpige kwa nguvu zako zote, hata mfupa ukivunjika. Nimemweleza kwamba majeraha aliyoyaona ndiyo haswa niliyokuagiza. Nimemwambia amtafute muuza vifaa vya umeme, amuulize kama hukuenda kuchukua glavu asubuhi ile, na kwamba mtu anayekwenda kuua hafuati glavu za mpira. Nimemwambia waitazame spana kama imeyeyuka nchani, kwa sababu moto wa gari hauyeyushi chuma hivyo.

Kisha nikamwandikia na lile la pili, kwamba ulikuwa na barua siku nyingi na hukumsomea. Nilijaribu kuliacha. Kalamu ilikataa. Yule alikuwa baba yangu kuliko wewe, na amekufa hajui kwamba nilimwonya. Alidhani spana ni spana. Kwa mbao nitakutetea mpaka mwisho. Kwa barua sikutetei, wala usiniombe.

Mpelelezi amejibu jana. Anataka nije niyaseme mahakamani mwenyewe, karatasi haitoshi. Nimeomba ruhusa kazini, nimekata tiketi. Nitafika tarehe tatu mwezi ujao, nitapita kwanza kaburini, halafu nitakuja. Siku hiyo itabidi niisikie sauti yako. Wakikuuliza, jibu polepole, usigombane na mtu.

Wakili wa upande wa mashtaka atauliza mtu wa namna gani huyu baba, kama amewahi kumpiga mtu wa nyumbani kwake. Mpelelezi anasema mwenye yadi ameshamwambia aulize. Akiniuliza, nitamwonyesha mkono huu wa kushoto, ajaribu mwenyewe kuuinua. Kisha nitasema tena, mbele yao wote, kwamba ile mbao nilikupa mimi.

Mwanao