Sindano za Wageni

Jumatano jioni, Ngara. Machi 1979.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu tu. Viatu vyangu nimeviegemeza ukutani, vimejaa tope hadi ndani. Sina hamu ya kula. Nimekasirika, ila sijui nimkasirikie nani.

Ngoja niandike tangu mwanzo, labda nitaelewa.

Kazi yangu ni kukagua zahanati za vijijini. Nafika, naangalia kama dawa zimetunzwa vizuri, kama sindano zinachemshwa, kama choo kina mfuniko, kisha namweleza daktari wa wilaya nilichokiona. Tangu vita vianze nimebaki peke yangu. Wenzangu wamepelekwa mpaka wa kaskazini kuhudumia majeruhi, na Landrova ya idara imekwenda nao. Watu wananiambia nina bahati kubaki. Wangelala siku moja tu katika nyumba hii wasingesema hivyo.

Mimi ni Msukuma wa Shinyanga. Hapa watu wananiongelesha Kiswahili cha ofisini, kisha wakigeukiana wanarudi kwenye Kihangaza chao na kucheka. Siwalaumu, hata sisi kwetu tunafanya hivyohivyo. Lakini zipo jioni ambazo najikuta naongea na sufuria.

Mahali pekee ninapoitwa kwa jina langu ni Mugoma, kwa Mama Yosefina, mhudumu wa zahanati. Ana umri wa mama yangu mzazi. Sijamaliza kumwamkia anakuwa ameshaniambia, "Kabula, umekonda," na mkono ameshaushika ananivuta ndani. Hapo lazima nile ndizi na maharage, nitake nisitake. Kila nikienda ananialika kanisani Jumapili, ingawa anajua fika kwamba sijabatizwa. Anasema Mungu hataniuliza cheti mlangoni.

Namwandika kwa urefu kwa sababu nadhani leo nimempoteza.

Wiki iliyopita alifika Gerevazi, mkaguzi mwenzangu kutoka Burundi. Nchi kadhaa jirani zinataka kujua wakaguzi wao wafundishwe nini, na yeye ndiye anayezunguka kuuliza. Zambia walimwambia wanataka kujua kupima maji. Kwao Burundi, anasema, muuguzi akikaa sana kazini anaambiwa haya, kuanzia leo wewe ni mkaguzi, basi yamekwisha. Aliponiuliza mimi sikufikiri hata kidogo. Nilisema nataka kozi ya darubini, ile ya kuangalia vijidudu. Nilijiona nimejibu jambo la maana sana.

Jana nikampeleka Mugoma. Kama ilivyo desturi, tulituma taarifa mapema kwa mwenyekiti wa kijiji. Tulikuta ua umefagiliwa, kitambaa cheupe mezani, mabomba ya sindano ya kioo yanang'aa, na jiko la mafuta ya taa linaunguruma chini ya sufuria ya kuchemshia. Nilifurahi mpaka nikazionea huruma zahanati nyingine. Nikamsifu Mama Yosefina mbele ya mgeni. Akatuchinjia kuku.

Gerevazi yeye hakukaa sana ndani. Alikwenda kuketi na akina mama kwenye benchi. Kirundi chake na Kihangaza chao vinakaribiana sana, kwa hiyo dakika chache tu walikuwa wanapiga soga kama watu waliokua pamoja. Mimi, mwenye nchi, nilikuwa nawachungulia dirishani.

Njiani akaniambia. "Dada Kabula, usinikasirikie. Zile sindano wanatutolea sisi tu."

Akaeleza. Mabomba mapya hukaa kwenye sanduku, yamefungwa kwa khanga, mpaka itangazwe kwamba mkaguzi anakuja. Siku nyingine zote yanatumika mawili ya zamani, yanayosuuzwa kwa maji ya moto kidogo kati ya mtoto na mtoto. Mafuta ya taa yameadimika tangu vita vianze, kwa hiyo hata hayo yanatunzwa kwa ajili ya siku yangu. Akina mama hawakuwa wanamshitaki mtu. Walikuwa wanamsimulia kwa fahari jinsi Mama Yosefina anavyojua kupokea wageni.

Nilimkasirikia hata hivyo. Nilimwambia mtu wa siku moja hawezi kujua mambo ya watu.

Leo asubuhi nikapanda baiskeli na kwenda peke yangu, bila taarifa, mvua ikinipiga usoni njia nzima.

Ilikuwa kweli.

Mezani hapakuwa na kitambaa. Jiko la mafuta lilikuwa limefunikwa. Mama Yosefina alikuwa anamchoma mtoto sindano ya penisilini, na bomba lenyewe lilikuwa limepauka hadi alama zake hazisomeki. Kwenye benchi alikuwapo mtoto mwingine, paja limevimba kwa jipu, pale pale alipochomwa sindano wiki iliyopita. Mama yake alinitabasamia na kunisogezea nafasi niketi.

Nilidhani Mama Yosefina ataona haya. Hakuona. Aliumia, na hilo sikulitarajia.

"Mwanangu, mbona hukusema unakuja?" aliniuliza. "Unanikuta hivi kama mtu asiye na adabu."

Nikamwambia sikuja kama mgeni. Akanitazama.

"Wewe unatoka wilayani, unakuja kwangu, halafu si mgeni? Nikutolee vyombo vya kila siku? Watu watanionaje?"

Kozini tulifundishwa kuhesabu vilivyopo na kuangalia usafi wake. Hakuna aliyetuambia kwamba tukituma taarifa watu watatupokea, na kwamba kupokea mtu ni kumtolea kilicho bora na kumfichia shida. Mimi niliyekulia kwetu ambako mgeni halali kwenye ngozi mbovu, nilipaswa kulijua hilo bila kufundishwa.

Tukafanya lililowezekana. Tulilifungua sanduku, tukatoa mabomba mapya, tukayachemsha kwa kuni nje chini ya paa la jiko. Aliniambia tangu mafunzo yake anaamini kwamba vifaa vya hospitali havichemshwi kwa kuni. Nikamwonyesha kwamba maji yakitokota yametokota tu. Yale mawili ya zamani niliyavunja mwenyewe. Mtoto wa jipu tukamwandikia aende hospitali, na mwenyekiti akatafuta wa kumbeba.

Mpaka hapo tulikuwa bado watu wa nyumba moja. Kisha nikasema jambo jingine, kwamba lazima nimweleze daktari wa wilaya.

Nilimwahidi nitasema kosa ni letu kwanza, sisi tunaotangaza safari zetu kama maaskofu. Nilimwahidi nitaomba asiondolewe. Nadhani aliacha kunisikiliza kwenye neno "daktari". Alinawa mikono, akaifuta polepole, akaniambia, "Sawa, Bibi Mkaguzi."

Hakuwa amewahi kuniita hivyo.

Ilikuwa saa ya chakula. Nilisikia harufu ya maharage kutoka nyuma ya nyumba. Nilikawia kufunga mfuko wangu makusudi, nikakaza kamba ambayo haikuwa imelegea. Hakuna aliyesema karibu. Nikaondoka.

Njia nzima nimelia, na naandika hivyo kwa kuwa hakuna wa kunisoma. Sijutii nilichofanya. Lile paja la mtoto nimeliona kwa macho yangu, na nikinyamaza litafuata jingine. Lakini kuwa upande wa haki hakuniondolei upweke. Katika wilaya nzima nilikuwa na mlango mmoja tu.

Kesho asubuhi Gerevazi anavuka kurudi kwao, na atapita hapa kunisikiliza mara ya mwisho. Nitamwomba radhi, kisha nitamwambia aache habari ya darubini. Nitamwambia nataka kufundishwa namna ya kumwambia ukweli mtu aliyenipikia, kisha nibaki kuwa mtu wake. Awaulize na wa Zambia, awaulize na wa kwao, kama kuna mahali popote somo hilo lina mwalimu.

Daktari wa wilaya nitamwona mchana.

Ijumaa narudi Mugoma, bila taarifa. Nitachemsha viazi alfajiri, nivifunge kwenye baiskeli, nile njiani kabla sijafika.