Banasema ni Sumu ya Jirani, Kumbe ni Dawa Yangu

Mama Anne-Marie, mushauri wetu wa radio, naomba unisaidie mbio, na unisome mupaka mwisho mbele ya kunigombeza, juu mambo hii ni nzito na hakuna mutu hata mumoja nilishaambia.

Niko na miaka makumi tatu na moja, niliolewa hapa Mususa, mu Butembo, na kazi yangu ni kuuzisha dawa mu depot ya mutu, mimi sikusomea dawa, nilijifunza tu kwa kusoma maboîte, makartoni ya dawa, na kusikiliza benye balinitangulia. Miaka ine ya kwanza ya ndoa mama-mukwe hakunipenda, nikipika anasema chumvi imezidi, nikifua anarudilia kufua. Sasa mwaka jana magoti ilianza kumuuma sana, akashindwa kwenda shamba, akashindwa hata kupiga magoti ku kanisa, nami nikamuletea diclofénac mu kasachet, kamufuko keupe bila jina, nikamwambia: “Mama, hii ni dawa ya magoti, moja asubui, moja mangaribi.” Siku ya tatu alitembea mupaka ku soko. Alinishika mukono mbele ya bamama ya kanisa akasema: “Wasingya, asante, mwana wangu.” Sikuwa nilishasikia neno kama ile mu nyumba ile. Donc niliendelea kumuletea kila juma, miezi munane, na magoti ikizidi namuongezea ibuprofène, na nilijua kama anakunywaka pia dawa ya tension, ya damu kupanda, na ingine ya kukojoza, mais niliona kama dawa ni dawa, kila moja inaenda ku kazi yake.

Mwezi huu alihara siku ine, chakula hapana, maji pia kidogo tu, lakini kasachet kake hakukaacha. Kisha miguu ikavimba, uso ukavimba, mukojo ukapungua mupaka karibu hakuna, akawa anatapika na kusinzia. Tulimupeleka ku opitali, bakapima damu, docta akasema mafigo imechoka sana, créatinine, ule uchafu figo inatoshaka mu damu, imepanda, akatuuliza sisi bote pale ku kitanda: “Mama alikuwa anakunywa dawa gani ku nyumba?” Shemeji yangu Sadrack, mukubwa wa bwana yangu, alikuwa ametoka Beni, akajibu mbio: “Ya tension tu, docta.” Bwana yangu Phinées akaniangalia. Mimi nikaangalia chini.

Kutoka pale mambo iliharibika. Sadrack alisema hii haiko ugonjwa wa Mungu, ni karuho, ile sumu inauaka mutu pole pole, na mwenye alimupa ni Mama Victoire, mujane jirani yetu, ule anauzishaka bouillie, uji, ku njia, juu mama-mukwe alikuwa anakunywa kwake kila asubui. Sasa batu banapita mbali, sufuria yake inarudi imejaa, juzi vijana balimutupia majiwe ku mulango. Na yeye alikuja ku opitali na ndizi za mugonjwa, Sadrack akamufukuza pale mu couloir, inje ya chumba, mujane wa batu akalia, akaniuliza: “Hata wewe unaamini?” Nikarudi mu chumba. Na Sadrack anasema siku ya tano, ijumaa, tutamutosha mama ku opitali tumupeleke ku njia ya Manguredjipa kwa munganga wa miti, amutapishe ile sumu.

Na ile imenifanya nikuandikie leo ni hii: jana nikiwa napanga kitanda chake niliona kasachet chini ya muto, na akameza kidonge kimoja mbele ya macho yangu. Sikumukataza. Nikisema, Phinées atanifukuza, patron atanitosha ku kazi, na kwetu ni Mbau, batu bote balishakimbia vita, nitapeleka batoto wapi? Nisiposema, naogopa atakufa. Nifanye nini?

Mukaza-mwana wa Mususa

*

Dada, nitakuita Kanyere, na majina yote ya barua nimeibadilisha.

Barua yako ilinifikia siku ya mbili, jumanne, na kipindi chetu ni siku ya posho, jumamosi. Barua zingine zinaweza kungojea, yako hapana. Ulikuwa umeweka numéro ya simu, nikakupigia palepale. Kwa ruhusa yako nasimulia ile tulisema, juu tusachet kama kako tuko mu kila avenue ya Butembo na ya Beni.

Nilikuuliza: “Uko wapi?”

“Ku depot, Mama.”

“Chukua boîte ya kila dawa ulimupa, uende nayo kwa docta sasa hivi. Hapana pitia ku nyumba.”

“Mama, Phinées atanifukuza.”

“Phinées mutaongea naye kesho. Figo haingojee.”

Nilikuwa infirmière, muuguzi, miaka makumi mbili na mbili, kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka. Ulikosa mara mbili, na makosa yenyewe haifanane. Kumupa dawa, ulifanya kwa kutokujua, na mwenye hajui anafundishwa. Lakini kunyamaza mbele ya docta, kumuona anameza tena, kuacha mujane atupiwe majiwe, ile haiko kutokujua. Ni woga, na ulibebesha batu bengine muzigo wake.

Ulienda, na kwa ile nakupongeza. Uliniambia docta hakupiga kelele. Aliangalia maboîte, akauliza tangu lini, kisha akaenda mwenyewe kutosha kasachet chini ya muto. Wasikilizaji basikie pia vile alikuelezea. Diclofénac na ibuprofène ni ndugu ya tumbo moja, mutu hapaswi kuzichanganya. Zote zinapunguza damu yenye inaingia mu figo. Mutu muzima, mwenye tension, mwenye anakunywa dawa ya kukojoza, anahara siku ine na maji imeisha mu mwili, halafu unamuongezea zile: figo inabaki bila kitu ya kufanya nayo kazi. Na dawa ya munganga ya kumutapisha ingemukausha zaidi. Siku ya tano ya Sadrack ingekuwa ya mazishi.

Kisha ulisema mbele ya jamaa. Phinées alitoka, akakaa mu couloir saa nzima, akarudi akasema: “Ulipaswa kuniambia mimi wa kwanza.” Hakukufukuza. Mama-mukwe, kisha kusikia yote, aliuliza tu: “Sasa magoti yangu itakuwa namna gani?” Jibu ni hili, na ni la kila mutu mwenye magoti kama yake: docta ndiye anachagua dawa na kipimo. Maji ya moto, kupaka mafuta, fimbo ya kutembelea, ile haiharibu figo. Na dawa za tension hapana kuziacha mwenyewe kwa woga, unauliza.

Siku ya ine, alhamisi, mukojo ulianza kurudi na créatinine ilishuka kidogo. Docta hakuahidi kama mafigo itapona yote. Ujizoeze kuishi na ile neno, juu haiko mimi nitaiondoa.

Sasa, unaniambia Sadrack amekubali kama haikuwa sumu, lakini anasema mambo ya nyumba ibaki mu nyumba. Hapana! Alimushitaki Mama Victoire ku njia, amusafishe ku njia. Siku ya kwanza, jumatatu asubui, muende batatu, wewe, Phinées na Sadrack, na chef wa avenue, mufike wakati Mama Victoire anapakua bouillie. Sadrack aseme kwa mudomo wake: “Nilikosa, hakukuwa sumu.” Wewe useme ilikuwa dawa gani na nani aliileta. Kisha mununue bouillie, mukunywe mukisimama pale, mupaka batu baone. Asipowasamehe siku ile, ni haki yake. Murudi kesho yake.

Mwenye anasikiliza na ako na kasachet bila jina ku nyumba, akapeleke ku centre de santé, kituo cha afya, aulize ni nini. Ukienda kwa docta, beba yote unakunywa, hata miti ya kuchemsha, hata sindano ulichomewa mu kijiji. Docta haone ndani ya tumbo yako. Na ukianza kuhara ao kutapika na unakunywa dawa kila siku, uliza siku ileile.

Imebaki kazi yako, Kanyere. Mwambie patron ukweli, na umuombe mutu mwenye alisomea dawa awe pale. Akikutosha, nitakutafutia mahali mimi mwenyewe, hata kwa kufagia. Akikuacha, andika jina ya dawa ku kila sachet. Mutu akikuja anaomba kitu ya mugongo, muulize miaka yake, muulize tension, sukari, mimba, muulize ingine anakunywa nini. Kama hujui jibu, hapana uzisha. Akikasirika, akasirike. Mutume ku opitali, na ufunge boîte.