Kikapu cha Usipa na Pete Yako

Mama Neema wangu,

Ugonile! Ile pete yako ya ndoa iliyozama mchangani siku ya Pasaka, leo nimeitafuta hapa hapa ufukweni Matema kwa mashine ya kutafutia madini, ile inayolia ikikuta metali. Kuchotea mchanga nilichagua chepe la bati, fundi wa Kyela mjini akalitoboa matundu. Kumbe mashine inalilia chepe lenyewe! Mama mmoja aliyekuwa akiosha usipa, dagaa wetu wa ziwani, alicheka mpaka akakaa majini. "Baba, chukua kikapu changu cha mianzi. Hiki hakitaipigisha kelele." Mashine ilipolia tena nikachota, nikatikisa majini. Mchanga ukapita, pete ikabaki! Tukacheza wote wawili, usipa ukasahaulika.

Pete inanuka samaki kidogo, vumilia. Jumamosi nakuoa upya.

Baba Neema